Goti Bandia Lisilo na Saruji: Historia ya Uthabiti Wake na Mwambao wa Kaskazini wa Ziwa Nyasa

Goti bandia lisilotumia saruji ni kipandikizi kinachoshikiliwa na mfupa wa mgonjwa mwenyewe. Daktari hukata ncha zilizoharibika za mfupa wa paja na wa muundi, huchonga nafasi inayolingana na kipandikizi, kisha hugongomea humo vipande vya chuma ambavyo uso wake unakwaruza na umejaa vitundu vidogo. Katikati ya vipande hivyo huwekwa plastiki ngumu iitwayo polietilini, inayochukua nafasi ya gegedu. Kuanzia hapo kazi ni ya mfupa. Chembe hai zake huingia kwenye vitundu, hujenga mfupa mpya na kukifunga chuma mahali pake.

Uthabiti wa goti la namna hii huja kwa awamu mbili. Uthabiti wa awali hutoka mikononi mwa daktari siku ya upasuaji, na hutegemea usahihi wa ukataji, kubana kwa chuma dhidi ya mfupa, na vishikizi kama vigingi na skrubu. Uthabiti wa kudumu huletwa na mfupa katika wiki na miezi inayofuata. Wa awali ukikosekana, wa kudumu haupatikani. Kwa zaidi ya miaka 130 madaktari na wahandisi wamekuwa wakitafuta namna ya kuvuka salama kutoka awamu ya kwanza hadi ya pili, na hiyo ndiyo historia ya magoti haya.

Katika Wilaya ya Kyela, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, maradhi ya magoti yanafahamika vizuri. Ardhi ya bonde, inayonyweshwa na mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, ni ya mpunga, na palizi la mpunga ni kazi ya kuinama tangu asubuhi. Kakao na ndizi hubebwa kichwani au kwa baiskeli. Upande wa mashariki, chini ya Milima ya Livingstone, wanawake wa Kikisi wa Ikombe hufinyanga vyungu wakiwa chini, na vyungu hivyo huvushwa kwa mitumbwi hadi sokoni Matema. Hata heshima ya Kinyakyusa ina goti ndani yake, kwa kuwa mwanamke humwamkia mkubwa kwa kuchuchumaa. Gegedu likishasagika, mgonjwa husema mafuta ya magoti yamekwisha. Mfupa unasugua mfupa, mguu unapinda, na aliyekuwa akilisha familia kwa jembe anabaki barazani.

Pembe za ndovu na mwaka 1890

Goti zima lilibadilishwa kwa mara ya kwanza Berlin, na katika mwaka ule ule mji huo uliamua hatima ya mwambao huu wa ziwa. Tarehe 20 Mei 1890, Themistocles Gluck alimwekea msichana wa miaka 17, mgonjwa wa kifua kikuu cha goti, goti la bawaba lililochongwa kwa pembe ya ndovu. Wiki 6 baadaye, tarehe 1 Julai, Ujerumani na Uingereza zilitia sahihi mjini humo mkataba uliofanya Mto Songwe kuwa mpaka wa himaya zao. Unyakyusa ukaangukia upande wa Wajerumani, Ungonde upande wa Waingereza.

Pembe, ambayo kwa Gluck ilikuwa malighafi ya goti, kwa watu wa Ziwa Nyasa ilikuwa chanzo cha maafa. Miaka hiyo Afrika Mashariki ilikuwa chimbuko kubwa la pembe duniani, na nyingi zilipitia Unguja. Karonga, kusini mwa Songwe, ilikuwa kituo muhimu cha biashara hiyo. Kampuni ya African Lakes ilinunua pembe hapo, na mfanyabiashara Mlozi bin Kazbadema alijenga ngome zake jirani. Mwaka 1887 watu wa Mlozi waliwaua Wangonde wengi huko Kambwe. Vita vikaendelea hadi 1889, kisha mgogoro ukafufuka na kwisha Desemba 1895, Mlozi aliposhindwa na kunyongwa.

Majeruhi wa vita hivyo walihudumiwa na David Kerr Cross, daktari wa Misheni ya Livingstonia. Frederick Lugard, ofisa wa jeshi la Uingereza aliyekuwa ameongoza shambulio la Juni 1888 dhidi ya ngome ya Kopakopa, mshirika wa Mlozi, alikuwa mmoja wa waliopigwa risasi. Eksirei haikuwapo bado, kwa sababu Wilhelm Röntgen aliigundua mwishoni mwa 1895. Daktari alipapasa kwa vidole, akafuata njia ya risasi kwa chombo, akatoa vipande vya mfupa alivyoweza kuvifikia na kusubiri kuona kama jeraha litatunga usaha. Kilichokuwa kikiendelea ndani ya mfupa hakikuonekana na mtu yeyote, iwe Karonga au Berlin.

Gluck alitambua mapema kwamba kuchonga goti ni nusu tu ya kazi, na kwamba nusu ya pili ni kulishikiza. Alijaribu skrubu, na pia mchanganyiko wa utomvu wa msonobari, jiwe la povu na jasi, ambao ulikuwa saruji ya mifupa ya wakati wake. Magoti yake hayakudumu. Mifupa alimoyaweka ilikuwa na kifua kikuu tayari, na usaha ukavunja ushikiano wowote uliokuwapo. Ernst von Bergmann, aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote katika upasuaji wa Berlin, aliipinga kazi hiyo, nayo ikawekwa kando kwa miongo kadhaa. Somo moja halikufutika: hakuna kipandikizi kinachotulia katika mfupa wenye maambukizi.

Kwenye mwambao wenyewe, Wamoravian na wamisionari wa Berlin walifika mwaka 1891, na dawa zikawa sehemu ya kazi yao tangu mwanzo. Mzizi wa Kilutheri wa wamisionari wa Berlin ndio uliozaa hospitali ya Matema, iliyo chini ya Dayosisi ya Konde ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT). Kabla yao na baada yao, waunga mifupa wa kienyeji walinyoosha na kufunga mifupa iliyovunjika kwa vijiti na kamba. Mfupa uliovunjika una uwezo wa kujiunga ukitulizwa. Gegedu lililosagika halina uwezo huo, ndiyo maana goti lililochakaa halikupata dawa, wala kwa mganga wala kwa mmisionari.

Bawaba za chuma

Katikati ya karne ya 20 zilipatikana aloi ambazo mwili hauzikatai, hasa ya kobalti na kromi. Mwaka 1951 Börje Walldius wa Sweden alianza kuweka magoti ya bawaba, kwanza ya akriliki, baadaye ya kobalti na kromi. Magoti hayo hayakuwa na saruji. Fimbo ndefu iliingizwa ndani ya uwazi wa mfupa wa paja na nyingine ndani ya muundi, zikashikwa kwa kubanwa tu. Wakati huohuo Duncan McKeever nchini Marekani na David MacIntosh nchini Kanada waliweka vibati juu ya muundi ulioliwa, navyo vilitegemea umbo lao na mvutano wa kano.

Wagonjwa wengi walipata nafuu, lakini bawaba zililegea. Goti la binadamu hukunjwa na kukunjuliwa, na pia huzunguka kidogo na kuteleza mbele na nyuma. Bawaba iliruhusu mwendo mmoja tu, hivyo nguvu zote za mzunguko zikahamia mahali chuma kilipogusana na mfupa. Uso wa chuma ulikuwa laini, mfupa haukuwa na cha kushika, na kila hatua ikalainisha njia ya fimbo.

Ukubwa wa nguvu hizo umepimwa miaka ya karibuni kwa magoti bandia yenye vipimo vya umeme ndani yake, hasa mjini Berlin. Kutembea mahali tambarare hulibebesha goti takribani mara 2.6 ya uzito wa mwili. Kushuka ngazi hufikisha karibu mara 3.5. Mtu wa kilo 60 anayeteremka kutoka miinuko ya Rungwe kwenda bondeni huliwekea goti moja zaidi ya kilo 200 kwa kila hatua, hata kabla ya kuhesabu mzigo ulio kichwani.

Saruji ya Charnley

John Charnley, katika hospitali ya Wrightington nchini Uingereza, ndiye aliyebadili mwelekeo. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1950 alishikiza nyonga bandia kwa akriliki iliyokuwa ikitumiwa na madaktari wa meno. Unga na maji yake huchanganywa wakati wa upasuaji, hugeuka ujiuji, hujazwa ndani ya mfupa, na kwa muda wa kama robo saa huwa mgumu huku ukitoa joto. Charnley alisisitiza kwamba akriliki hii haigandishi kama gundi. Hujaza nafasi, huingia katika vijishimo vya mfupa, na husambaza uzito kwenye eneo kubwa.

Frank Gunston, Mkanada aliyefanya kazi Wrightington, aliihamishia saruji kwenye goti mwaka 1968. Mwaka 1974, katika Hospital for Special Surgery mjini New York, John Insall, Chitranjan Ranawat na Peter Walker walileta goti lililofunika nyuso zote za kiungo bila bawaba. Zaidi ya asilimia 90 ya magoti hayo yalikuwa bado yanafanya kazi baada ya miaka 15. Kwa saruji, uthabiti wa awali ulipatikana papo hapo, mgonjwa akasimama baada ya siku chache, na daktari hakuhitaji kukata kwa usahihi wa ajabu kwa kuwa saruji ilijaza mapengo. Mjini Hamburg, kuanzia 1970, Hans Wilhelm Buchholz alionyesha kwamba saruji inaweza pia kuchanganywa na dawa ya viuavijasumu ili kuzuia usaha.

Hata hivyo saruji haina uhai. Ikipasuka haijiungi, na haiwezi kujijenga upya kufuata mabadiliko ya mfupa. Kwa mgonjwa wa miaka 70 jambo hilo halikuwa na uzito mkubwa. Kwa mwenye miaka 45 lilimaanisha kwamba huenda atarudi kufanyiwa upasuaji wa pili, na kuitoa saruji ya zamani huondoka na sehemu ya mfupa. Miaka ya 1980 madaktari walianza kuzungumzia ugonjwa wa saruji, walipoona mfupa ukiliwa kuizunguka. Baadaye ilibainika kwamba mhusika mkuu ni vumbi la polietilini: chembe ndogo mno zinazomenyeka kwenye plastiki huamsha chembe za kinga, nazo hula mfupa. Lakini wakati huo lawama ilikuwa imekwisha kuiangukia saruji, na msako wa goti lisiloihitaji ulikuwa umeanza.

Mfupa unavyokishika chuma

Msingi wa kisayansi ulitoka mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1952 Per-Ingvar Brånemark, Msweden aliyekuwa akichunguza mzunguko wa damu katika mfupa wa sungura, aliona kwamba vyombo vyake vya titani havitoki. Mfupa ulikuwa umeshikamana navyo. Mwaka 1965 alitumia sifa hiyo kupandikiza mizizi ya meno kwa binadamu. Nchini Kanada, Robert Pilliar na wenzake walifunika vyuma kwa punje ndogo zilizounganishwa kwa joto kali ili kuacha vitundu katikati yake. Majaribio yalionyesha kuwa mfupa huingia vizuri kwenye vitundu vya upana wa maikromita 50 hadi 400. Maikromita 1,000 ni milimita 1.

Swali kubwa likawa ni utulivu kiasi gani mfupa unahitaji ili uingie. Mwaka 1986 Pilliar na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio kwa mbwa. Chuma kilichochezacheza hadi maikromita 28 kiliingiwa na mfupa. Kilichocheza maikromita 150 au zaidi kilizungukwa na utando laini kama kovu, na utando huo haubebi uzito. Mkulima wa Kyela anaijua kanuni hiyo kwa mche wa mpunga uliohamishwa kutoka kitaluni: ukitikiswa kabla ya kushika mizizi hudhoofika, ukishashika hustahimili hata upepo. Katika goti, muda wa kushika ni wiki 4 hadi 12.

Ndiyo maana chumba cha upasuaji wa goti lisilo na saruji hutawaliwa na vipimo. Daktari huondoa kipande chembamba cha juu cha muundi, kwa kawaida milimita 8 hadi 10, kwa msumeno unaoongozwa na reli. Mkato unapaswa kuwa sawa kabisa, kwa sababu hakuna saruji ya kujaza bonde lolote litakaloachwa. Msumeno humwagiwa maji muda wote ili joto lisiue chembe za mfupa. Mashimo ya vigingi hutobolewa madogo kidogo kuliko vigingi vyenyewe. Kipandikizi hugongwa kwa nyundo hadi sauti ya kugonga ibadilike na kiwe kimekaa. Kisha daktari hukisukuma pembeni na kukikandamiza ukingo mmoja mmoja. Ukingo ukinyanyuka, hata kwa kiasi kidogo, uthabiti wa awali haupo, na ni heri saruji itumike.

Magoti ya kwanza na kasoro zake

Mwaka 1980 David Hungerford, Robert Kenna na Kenneth Krackow walianza kuweka goti la PCA mjini Baltimore. Lilifunikwa punje za kobalti na kromi, na liliwekwa bila saruji kwa wagonjwa wengi. Nchini Marekani wengine walifuata kwa mitindo yao, wakiwamo Frederick Buechel na Michael Pappas, Leo Whiteside, na Aaron Hofmann aliyeanza kuweka goti lake mwaka 1985.

Matokeo hayakulingana. Upande wa paja kushikana hakukuwa tatizo kubwa, kwa sababu kipandikizi hukumbatia mfupa pande tatu. Upande wa muundi ulisumbua. Kitako cha chuma hukaa juu ya mfupa laini kama sahani juu ya meza, na uzito ukiegemea upande mmoja, upande wa pili hunyanyuka. Hali hiyo ni mbaya zaidi goti linapokunjwa sana, kwa sababu mzigo huhamia nyuma na ukingo wa mbele huinuka. Plastiki iliyobandikwa kwenye chuma nyuma ya kilegesambwa iliisha haraka. Polietilini ya baadhi ya magoti ilimenyeka kwa matabaka. Skrubu nazo, zilizowekwa kuongeza uthabiti wa awali, zilifungua njia ya vumbi la plastiki kupenya chini ya kitako na kuula mfupa.

Kila kasoro ilizaa rekebisho. Whiteside alionyesha umuhimu wa kufunika uso wote wa chini kwa vitundu bila kuacha njia laini ambamo vumbi litapita. Hofmann alisaga mfupa wa mgonjwa mwenyewe uliokatwa, akaupaka kama uji mzito chini ya kitako ili kujaza mapengo kwa kitu chenye uhai, na akachonga kitako chenye umbo linalofuata muundi halisi. Magoti yake yalidumu vizuri. Lakini imani ya wengi ilikuwa imetikisika, na miaka ya 1990 hospitali nyingi zilirudi kwenye saruji.

Kupima kisichoonekana

Mabishano kati ya pande mbili yasingeisha bila kipimo. Mwaka 1974 Göran Selvik wa Lund, Sweden, alieleza njia ya kupandikiza shanga ndogo za tantali ndani ya mfupa na kwenye kipandikizi, kisha kupiga eksirei mbili kwa wakati mmoja kutoka pembe tofauti. Kompyuta hulinganisha mahali shanga zilipo mwezi hadi mwezi, na mwendo wa sehemu ndogo ya milimita huonekana miaka mingi kabla mgonjwa hajasikia maumivu.

Mwaka 1995 Leif Ryd na wenzake walionyesha kwamba kipandikizi kinachoendelea kusogea zaidi ya milimita 0.2 kati ya mwaka wa kwanza na wa pili kina hatari kubwa ya kulegea baadaye. Mwaka 2012 Bart Pijls na wenzake nchini Uholanzi, wakikusanya tafiti nyingi, walipata kwamba kitako kilichosogea chini ya milimita 0.5 katika mwaka wa kwanza ni salama, na kilichopita milimita 1.6 hakifai. Vipimo hivyo vilifunua tabia tofauti za aina mbili za magoti. Lenye saruji husogea kidogo mwanzoni, ila baadhi huendelea kusogea polepole kwa miaka. Lisilo na saruji husogea zaidi katika miezi 3 ya kwanza huku likitafuta kikao chake, kisha husimama. Tathmini ya Cochrane ya mwaka 2012 ilifikia picha hiyohiyo.

Chombo cha pili kilikuwa daftari. Sweden ilianza kuandikisha magoti bandia yote ya nchi mwaka 1975, Australia mwaka 1999, Uingereza na Wales mwaka 2003. Mwaka 2005 Malawi nayo ilianzisha daftari lake la taifa la nyonga na magoti, miongoni mwa ya kwanza kabisa barani Afrika, kwa ushirikiano wa madaktari wa chuo cha tiba cha Blantyre, akiwamo Nyengo Mkandawire, na hospitali ya Beit CURE ya mjini humo. Kwa watu wa Kyela, walio umbali mfupi kutoka mpaka wa Kasumulu, daftari hilo ni la jirani kwa maana halisi. Malawi tangu 1985 inafundisha maofisa tabibu wa mifupa kwa ajili ya hospitali za wilaya, nao ndio wanaomwona mgonjwa kwanza na kumfuatilia baada ya upasuaji. Kipandikizi kisichoandikwa popote hakimfundishi daktari anayefuata chochote, kiwe kimedumu au kimelegea.

Kizazi kipya

Wakati vipimo vikiendelea, uso wa chuma uliboreshwa. Katikati ya miaka ya 1980 Ronald Furlong wa London na Rudolph Geesink wa Uholanzi walianza kufunika nyonga bandia kwa haidroksiapataiti, madini ya kalsiamu yanayofanana na ya mfupa. Kjeld Søballe wa Denmark alionyesha kwamba tabaka hilo husaidia mfupa kuziba mapengo madogo, na hata kushika palipo na mwendo mdogo. Lilipohamishiwa kwenye goti, kusogea kwa miezi ya mwanzo kulipungua.

Kisha ikaja tantali yenye muundo kama sifongo, ambayo asilimia 75 hadi 80 ya ujazo wake ni uwazi. Inakwaruza sana, hivyo hubana mfupa tangu inapogongwa, na wepesi wake wa kunepa unakaribia ule wa mfupa. Sifa hiyo ya mwisho ina maana kubwa. Kobalti na kromi ni ngumu mara 10 au zaidi kuliko mfupa, na chuma kigumu hubeba uzito wote huku mfupa wa chini yake, ukikosa kazi, ukikonda. Katika muongo wa 2010 vikaingia vitako vya titani vinavyojengwa tabaka kwa tabaka kwa mashine zinazochapa chuma, vikiwa na vitundu vilivyopangwa kwa makusudi na vigingi visivyohitaji skrubu. Nchini Marekani matumizi ya magoti yasiyo na saruji yamekuwa yakiongezeka tangu hapo. Katika muongo huo huo Sweden iliendelea kutumia saruji kwa zaidi ya magoti 9 kati ya 10, na matokeo yake ni mazuri. Njia zote mbili zinafaa, kila moja kwa mgonjwa wake.

Safari ya mgonjwa wa mwambao

Tanzania ilijenga huduma ya mifupa hatua kwa hatua. KCMC ya Moshi ilifunguliwa mwaka 1971. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1996, na ndiyo kituo kikuu cha upasuaji wa nyonga na magoti bandia nchini. Chuo cha madaktari wa upasuaji cha Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika, COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999, kimewezesha madaktari bingwa wa mifupa kufundishwa humuhumu katika kanda.

Goti halibadilishwi katika hospitali ya wilaya. Mgonjwa wa Ikombe huvuka kwa mtumbwi hadi Matema, hupanda gari hadi Kyela, kisha hufuata barabara ya Tukuyu hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Akipewa rufaa ya Muhimbili, zipo zaidi ya kilomita 800 mbele yake. Safari hiyo huingia moja kwa moja katika uchaguzi wa kipandikizi, kwa kuwa uthabiti wa kudumu hujengwa baada ya mgonjwa kurudi nyumbani.

Mambo yanayopendelea goti lisilo na saruji yapo. Magoti yaliyoharibiwa na ajali za bodaboda mara nyingi huwa ya watu wa makamo, wenye miaka mingi ya kutembea mbele yao. Mfupa wao mara nyingi ni imara, na ushikiano ulio hai unaweza kudumu nao. Upasuaji hufupika kwa muda wa kusubiri saruji igande. Yapo pia yanayopendelea saruji. Kipandikizi chenye vitundu kwa kawaida ni ghali zaidi. Mfupa wa bibi mwenye umri mkubwa, au wa mgonjwa wa baridi yabisi aliyetumia dawa kwa miaka, huenda ukawa mwepesi mno kukibana chuma. Na palipo na hofu ya maambukizi, saruji yenye dawa ni kinga ya ziada.

Baada ya upasuaji, mgonjwa wa goti lisilo na saruji mara nyingi hutembelea magongo kwa wiki kadhaa, kwa kadiri daktari wake anavyoelekeza. Hufanya mazoezi ya kukunja na kunyoosha ili goti lisikaze, lakini huepuka kuchuchumaa, kupiga magoti na kubeba mizigo, hasa katika miezi 3 ya mwanzo, kwa sababu hapo ndipo ukingo wa mbele wa kitako unaponyanyuka. Choo cha kukalia, kitanda cha kimo cha kutosha na ndugu wa kushika jembe msimu mmoja ni sehemu ya matibabu, sawa na dawa. Mkwe au jirani anayeelewa hali hiyo huipokea salamu ya mgonjwa aliyesimama.

Mashine ya shanga za tantali si lazima ili kumfuatilia. Eksirei ya kawaida, inayopatikana katika hospitali ya wilaya, inatosha ikipigwa kwa mpangilio: wiki 6, miezi 3, mwaka 1, na kila baada ya muda uliopangwa. Anayeisoma huangalia mambo mawili. Kwanza, kama kuna mstari mweusi kati ya chuma na mfupa, na kama unapanuka kutoka picha moja hadi nyingine. Pili, kama kitako kimezama au kuinama ukilinganisha na picha ya mwanzo. Mstari mwembamba usiobadilika si hatari. Unaopanuka, pamoja na maumivu mapya wakati wa kuanza kutembea, ni dalili ya kulegea, na mgonjwa anapaswa kurudishwa kwa bingwa kabla mfupa haujaliwa. Kwa hiyo picha za mwanzo hazipaswi kubaki Dar es Salaam. Zikirudi Kyela pamoja na karatasi yenye jina la kipandikizi, ukubwa wake na tarehe ya upasuaji, tabibu wa wilaya anaweza kufanya sehemu kubwa ya ufuatiliaji bila kumrudisha mgonjwa barabarani.

Goti lisilo na saruji limefikia hapo lilipo kwa sababu ushindi na makosa yake vilipimwa na kuandikwa. Usahihi wa mkato hutoa utulivu wa wiki za kwanza, mfupa ulio hai hutoa utulivu wa miaka, na ufuatiliaji wa karibu hutambua mapema pale kimojawapo kinaposhindwa. Masharti mawili ya kwanza hutimizwa katika chumba cha upasuaji na ndani ya mwili wa mgonjwa. La tatu hutimizwa mahali anapoishi, na kwa mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa hospitali za Kyela na Matema ndizo zilizo karibu naye.